Kinyaa na Miguu ya Mitume

Mguu wa binadamu ni kitu kichafu. Nasema hivyo kwa sababu ndiyo kazi yangu. Natembea mitaa ya Mpanda mjini na kikapu cha rangi za kucha, beseni dogo, brashi, jiwe la kusugulia visigino na chupa ya asetoni. Mtu akiniita nakaa chini, nachukua mguu wake, naulaza kwenye paja langu. Mama anaweza kuwa amevaa kitenge kimeshonwa kikamkaa, manukato yanafika kabla yake, halafu akivua kiatu unakutana na habari nyingine. Katikati ya vidole kuna uji mweupe kama maziwa yaliyoganda. Chini ya ukucha wa dole gumba kuna udongo wa msimu uliopita. Magaga yamepasuka mpaka unaona nyama, na ndani ya mpasuko kuna kitu cheusi ambacho brashi haikifikii, lazima ukitoe na kijiti, na kikitoka kinanuka kama dagaa waliosahauliwa kwenye mfuko.

Mimi nacheka tu. Watu wananiambia wewe kijana una roho nyepesi, unachekaje na kazi ya namna hiyo. Nacheka kwa sababu kichwani mimi siko pale. Niko kwenye saluni yangu, ile ambayo bado haijajengwa, yenye viti vinavyozunguka na maji ya moto yanayotoka ukutani, na kina mama wanashuka kwenye treni ya kutoka Tabora wakiuliza hiyo saluni iko wapi. Nimesoma mpaka kidato cha pili. Ndoto hazidai cheti.

Ila kuna kinyaa ambacho hakichekeki. Hicho nilikipata Kwaresima iliyopita, na hakikutoka kwenye miguu peke yake.

Parokiani kwetu, kama kwingine, Alhamisi Kuu Padri anaosha miguu ya watu kumi na wawili kama Yesu alivyowaosha wanafunzi wake. Kila jumuiya inatoa mtu wake mmoja. Wakishachaguliwa tunawaita mitume mpaka Pasaka ipite, hata sokoni utasikia mtu anaulizwa, "Mtume, nyanya leo unauzaje?" Sasa mtindo huu sijui ulianza lini, lakini kwetu mtume anakwenda kuoshwa akiwa ameshajiosha. Anajisugua nyumbani, anakata kucha, anapaka mafuta, anavaa kandambili mpya, ndipo aende Padri akamwoshe. Mwaka wa nyuma yake mzee mmoja alikuja moja kwa moja kutoka shambani, maji kwenye beseni yakageuka kama chai ya rangi, na watu walimsema mpaka mahindi yakavunwa. Kwa hiyo mama mwenyekiti wa jumuiya yetu, ambaye ndiye aliyepewa kazi ya kuwaandaa mitume wote, safari hii akaona asibahatishe. Akaniita mimi.

Ilikuwa Jumamosi, kesho yake Jumapili ya Matawi, barazani kwake. Huyu mama ana duka la vitambaa na sauti ya kuongoza rozari, na hata akiwa ndani ya nyumba yake anavaa soksi na viatu vya kufunika. Alinielekeza kama mtu anayemwelekeza fundi wa kupaka ukuta. Nisugue, nikate, nipake mafuta, wanawake niwawekee rangi ya heshima, yaani isiyoonekana. Na miguu inukie. Alisema Padri naye ni binadamu, asije akakutana na mambo.

Nikawasugua mitume. Kulikuwa na mwalimu mstaafu ambaye ukucha wake ulikuwa umenenepa kama pembe ya mbuzi. Kulikuwa na kijana wa kwaya aliyejipaka mafuta ya mgando mpaka mguu ukawa unaniteleza kama kambare. Kulikuwa na mama mmoja ambaye nikimgusa unyayo anacheka mpaka anatoa machozi, na kila akicheka ananipiga teke la kifua. Nilipomaliza nikahesabu, nikamwambia mama mwenyekiti kwamba tuko kumi na mmoja, kama Yuda ameshaondoka. Hakucheka.

Aliyekosekana alikuwa wa jumuiya yetu wenyewe. Tulikuwa tumemchagua Bibi mmoja anayekaa mwisho kabisa wa Misunkumilo, pale ambapo nyumba zinakwisha na mahindi yanaanza. Ni mtu wa Katumba, wale waliokuja zamani kutoka Burundi na sasa ni Watanzania wenye vitambulisho kama mimi na wewe. Tulimchagua kwa heshima ya umri wake, wote tukapiga makofi, naye hayupo. Hakuna aliyeuliza kwa nini hayupo. Alikuwa hayupo tangu mvua za kwanza.

Mama mwenyekiti alinivuta pembeni akaniambia kwa sauti ndogo kwamba amesikia Bibi ana funza. Niende nikaone. Kama miguu inatengenezeka mpaka Alhamisi, niitengeneze. Kama haitengenezeki nimwambie, maana yeye mwenyewe anaye mpwa, muuza simu, kijana msafi, miguu yake haijawahi kukanyaga tope. Kwa hiyo nikatoka pale nimebeba kikapu changu na nafasi ya Bibi kwenye benchi la mitume.

Nilimkuta amekaa mlangoni, miguu yote miwili ameiingiza kwenye kiroba cha unga, amefunga na kamba juu ya vifundo. Ndani ya nyumba mbuzi wawili walikuwa wamelala kwenye vumbi pale pale anapolala yeye, kwa sababu ya wezi. Alijua nimefuata nini. Alikuwa ameshaambiwa na jirani kwamba amechaguliwa, na alikuwa amefurahi kweli, alinisimulia jinsi alivyokuwa akiangalia wenzake wakioshwa tangu akiwa msichana wa makambini, na kwamba hakuna mwaka hata mmoja jina lake liliwahi kutajwa. Anataka kwenda. Anataka akae kwenye lile benchi akiwa hai, alisema, kwa sababu akishakufa wataosha mwili mzima na yeye hatajua.

Kisha akafungua kamba.

Nitasema nilichokiona, mwenye kula aache kwanza. Harufu ilitangulia, tamu, nzito, kama papai lililooza limefunikwa na blanketi lenye maji. Vidole vilikuwa vimevimba vikapoteza umbo, huoni ukucha uko wapi. Visigino vimejaa vidonge vyeupe vyenye doa jeusi katikati, vimebanana kama punje kwenye gunzi, na kila doa jeusi ni mdudu mzima aliyejizika kichwa chini, tumbo limejaa mayai. Vingine vilikuwa vimepasuka vikaacha mashimo, na kwenye mashimo usaha wa kijani, na kwenye usaha nzi. Bibi alikuwa amejaribu kuchimba na mwiba wa mchongoma, akaongeza vidonda juu ya vidonda. Halafu mtu akamshauri apake mafuta ya taa.

Nilisimama nikaenda nyuma ya nyumba nikatapika chai na maandazi yote. Niliporudi najifuta mdomo Bibi alikuwa ananisubiri, uso hauna hata hasira.

"Tapika, mwana wanje," akasema kwa Kirundi chake, yaani mwanangu. "Mimi nimeshatapika mpaka nikachoka."

Kilichonitapisha haikuwa harufu ile peke yake. Ile harufu nilikuwa naijua. Nimezaliwa Kasekese, nyumba ya udongo, kuku ndani, na nimekaa na funza mpaka darasa la tatu. Mama alikuwa anatuchimba na pini moja, anamaliza kwangu anakwenda kwa dada, anarudi kwangu, pini ile ile, na tukilia anatupiga kofi analia na yeye. Shuleni tulikuwa na benchi letu karibu na dirisha, ili upepo utupeleke nje. Watoto walitengeneza wimbo. Nilitembea kwa visigino, mwendo wa bata, na mpaka leo kidole changu kidogo cha kushoto kimelala pembeni kama kimesusa. Aliyetutoa funza alikuwa mke wa katekista. Alikuwa anakuja asubuhi na beseni lake, analoweka, anasugua na sabuni, anapaka mafuta mazito mpaka mdudu akose hewa, anayekufa anamtoa taratibu na pini aliyoichemsha. Hakutuombea hata mara moja mbele yetu. Alikuwa anatuuliza tumeota nini usiku. Nafikiri hata kuipenda kazi hii ya miguu nilianzia kwenye mapaja ya yule mama.

Kwa hiyo nilijua cha kufanya, na ndiyo ubaya wake, huwezi kusema hujui. Nikampakia Bibi kwenye keria ya baiskeli nikampeleka zahanati. Muuguzi akamchoma sindano ya pepopunda, akanipa glavu, akanionya kwamba kidole kimoja kikiendelea vile kitakatwa, na kwamba nisiwe na haraka ya kuchimba. Jioni ile tukaanza. Nikawatoa mbuzi, nikanyunyiza maji sakafuni, nikamwaga majivu. Kila siku asubuhi kabla ya mjini, kila siku jioni baada ya mjini. Loweka, sugua, paka, subiri. Ukimkamua mmoja anatoka na kamfuko kake keupe, kanapasuka kwenye glavu, mayai yanasambaa kama chembe za sukari. Nilikuwa nahema kwa mdomo na bado ladha inaingia. Bibi naye ananisimulia ndoto zake, na mimi namsimulia saluni yangu, akaniuliza kama kwenye vile viti vinavyozunguka mtu mzima hawezi kupata kizunguzungu.

Jumanne wakaja kina mama wa huduma.

Walikuja na sukari, sabuni ya mche na kitenge kipya, na mama mwenyekiti mbele yao. Kabla ya kuingia uani walisimama njiani wakajifunga mifuko ya mkate kwenye viatu, wakaikaza na mipira ya kufungia noti, kila mmoja, wakawa wanatembea wanachakacha kama kuku kwenye maganda. Kisha wakapanga mstari mbali na mlango, wakaimba ubeti mmoja, wakasali, mmoja anafunika pua na kona ya kanga huku anasema Amina. Nilikuwa nimechuchumaa na beseni langu. Nilitazama ile mifuko ya mkate miguuni kwao na kitu kikanipanda kooni kuliko Jumamosi.

Halafu dada mmoja akatoa simu. Alimwambia Bibi ashike sukari, akashika. Akamwambia atabasamu, akajaribu.

"Sasa inua kidogo huo mguu, Bibi yangu. Watu waone hali halisi, ndiyo wataguswa."

Na Bibi akaanza kuinua. Hicho ndicho kilichoniuma. Aliinua mguu kwa adabu, kama mtu anayeambiwa asogeze kiti, shavu linatetemeka kwa maumivu, kwa sababu wageni wamekuja na kitenge na mtu hakatalii wageni. Nikasogea na beseni langu nikakaa mbele ya ile miguu.

"Mpaka rangi, toka kwenye picha."

"Piga tu dada, mgongo wangu nao ni hali halisi."

Wengine wakacheka, yule dada hakucheka, akajaribu kuzunguka upande wa pili na mimi nikazunguka, tukawa kama tunacheza ngoma, mpaka mama mwenyekiti akasema basi, inatosha, twendeni. Lakini yeye hakuondoka nao. Akaniita nyuma ya nyumba, kwenye mahindi. Nikamwambia kabla hajaniuliza kwamba Bibi ataweza kwenda Alhamisi, mashimo ya mguu wa kulia yameanza kukauka, muuguzi amesema maji safi hayana shida.

"Vile vidole?" akasema. "Mbele ya kanisa zima?"

"Ndiyo, mama. Si ndiyo ibada yenyewe."

Nilidhani atanifokea. Badala yake aliinama, akafungua ule mfuko wa mkate, akavua kiatu, akavua soksi. Nilikuwa sijawahi kuuona mguu wake, mimi niliyeona miguu ya nusu ya mji. Vidole viwili havina kucha kabisa. Ngozi imejikunja ikakauka kama ganda la chungwa la wiki iliyopita. Makovu ya funza nayajua hata gizani.

"Siku ya kipaimara mama yangu alinivalisha soksi," akasema. "Sijavua mbele ya mtu tangu siku hiyo. Mume wangu mwenyewe anaviona taa ikiwa imezimwa. Unafikiri namwonea kinyaa yule Bibi? Nikikaa karibu naye najinusa mimi."

Nikamwonyesha kidole changu kilichosusa, ambacho kiko nje kila siku kwenye kandambili na hakuna mteja aliyewahi kuniuliza. Akakitazama sana. Kisha akavaa soksi, akavaa kiatu, akasema mpwa wake ameshaambiwa na ameshanunua viatu, na jambo limekwisha, na mimi nisimpe mzee wa watu matumaini.

Sikumwambia Bibi. Asubuhi zote mbili nilikusudia, asubuhi zote mbili ananiuliza kama Alhamisi avae kile kitenge kipya au cha zamani, na mimi namjibu kipya.

Alhamisi jioni alikuwa amevaa kipya. Nilimfunga miguu na kitambaa cheupe kilichochemshwa, nikamkalisha kwenye keria, nikasukuma baiskeli taratibu mpaka kanisani. Tulipoingia benchi lilikuwa limejaa. Mitume walikuwa wamekaa kumi na wawili, wananukia mafuta, na mpwa wa mama mwenyekiti mwishoni, viatu vimewekwa kando vinang'aa. Hapo ndipo nilipomnong'oneza Bibi ukweli, kwamba nafasi yake wamempa mwingine.

Akanishika mkono. "Walionichagua walipiga makofi. Hakuna aliyekuja kuniambia hapana. Nipeleke."

Nikachukua kiti cha plastiki nyuma, nikakiweka mwisho wa benchi, nikamkalisha. Kumi na tatu. Minong'ono ilipita kanisani kama mvua inavyokuja kwenye bati. Yule mwalimu mstaafu alisogea. Mpwa alitazama mbele kama amepigiliwa misumari. Padri akaanza kuosha, anamwaga maji, anafuta, anabusu, anasogea, na miguu yote ile, ukiacha ya mpwa, niliisafisha mimi na wenyewe wakajisugua tena, hakuna kitu cha kuosha, maji yanabaki meupe vilevile. Alipofika kwa Bibi jagi lilikuwa tupu. Alilitikisa. Msimamizi wa sakristia alikimbilia bombani akarudi anapunga mkono, maji yamekatika.

Nilikuwa nawaza kwamba sasa Padri atatabasamu, atamshika Bibi begani, atarudi altareni, na watu watapumua. Ndipo nikaona mama mwenyekiti anainuka kwenye benchi la mbele. Alitoka kwa mlango wa pembeni, akarudi amebeba ndoo ya maji yaliyolowekwa maua ya altare, amekunja uso kama mtu aliyeudhiwa kazini. Akajaza jagi. Kisha akapiga magoti na gauni lake la sherehe, akakifungua kile kitambaa kwa mikono mitupu, akamshika Bibi kifundo cha mguu kwa sababu Bibi hawezi kuinua juu. Harufu ilitoka. Safu ya kwanza yote waliipata, niliona vichwa vinarudi nyuma.

Padri naye aliipata. Ni kijana, hajanizidi miaka mingi. Aliosha polepole, kidole kwa kidole, na maji kwenye beseni yakabadilika. Akafuta. Wale wengine wote aliwabusu. Kwenye mguu huu aliinama, akaishia katikati, akabaki pale, halafu akanyanyuka bila kubusu. Mama mwenyekiti alijifuta mikono kwenye gauni lake, mbele ya kila mtu, akarudi kwenye benchi.

Wakati wa kurudi njia ilikuwa na vumbi jepesi na Bibi alikuwa ameinamisha kichwa kwenye keria. Nilidhani analia. Nikaanza kumwambia maneno, kwamba Padri labda amechoka, ibada ni ndefu.

"Ameogopa," akasema. "Mimi ningekuwa yeye ningekimbia. Maji yalikuwa na majani ya maua."

Akauliza kama na yule mama mkali ana funza, maana amemshika kama mtu anayejua pasipouma. Nikamwambia alikuwa nao zamani. Akasema, basi mwambie asivae soksi kwenye joto hili, vidole vitaoza.

Ijumaa Kuu watu hawafanyi kazi kwetu. Nilibeba beseni asubuhi hata hivyo, kwa sababu kisigino cha kushoto kilikuwa bado. Nilipomkamua funza wa kwanza kinyaa kikanipanda kama siku ya kwanza, sijazoea na sidhani nitazoea. Nikageuza uso, nikavuta hewa ya nje, nikamwambia Bibi asogeze mguu kwenye mwanga.